Pwani tupande nyasi za Pemba

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Mtwapa aliniita nimsaidie kuchagua nyasi za uani kwake. Alikuwa na picha kwenye simu: uwanja wa nyasi za Kikuyu, laini, mnene kama zulia. Nikamwambia, "Dada, hizo ni nzuri, lakini kwao si hapa."

Kikuyu ni nyasi za Afrika Mashariki hasa, ila asili yake ni nyanda za juu, kama mita 2,000 hivi na zaidi, kwenye mvua nyingi na usiku wa baridi. Kule Limuru, nyanda za juu za Kenya, huota hata pale usipozipanda. Nyumbani kwa mama, huku pwani, tulizileta miaka minne iliyopita, muuzaji akituapia kwamba zinakubali popote. Mama akamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvi. Kaskazi ilipokolea zikawa rangi ya ukindu mkavu, ukikanyaga zinavunjika. Mama alisimama pale mlangoni na ndoo yake, kimya. Uchungu ule sijausahau.

Na hatua kumi kutoka pale, chini ya mwembe, nyasi za Pemba zilikuwa kijani tele. Hakuna aliyekuwa akizimwagilia. Zina majani mapana yenye ncha butu, na mashina bapa yanayotambaa juu ya mchanga yakitoa mizizi kwenye kila kifundo. Ni nyasi za mwambao wa Bahari ya Hindi. Joto, chumvi na kivuli cha miti zinavijua. Wako wanaosema majani yake ni mapana mno, hayapendezi. Mimi nayapenda, na mguu peku unayapenda.

Kama uwanja wako unapigwa jua kutwa na watoto wanacheza mpira, panda ukoka. Unastahimili kukanyagwa na ukiumia hurudi upesi. Lakini chini ya mti hunyong'onyea, na mizizi yake itaingia kwenye maua yako usipoichunga.

Kupanda Pemba hakuna gharama kubwa. Ng'oa magugu yote kwanza, hapa usifanye haraka. Changanya samadi iliyooza vizuri na mchanga. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, uvilaze kwenye vijifereji, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake, kifundo kimoja kikiwa ardhini. Usiache vikauke juani ukiwa unapanda. Mwagilia kila siku wiki mbili za mwanzo, kisha punguza. Zikishafunika ardhi, kata lakini ziache na urefu wa vidole vitatu hivi. Zikikatwa hadi mashina yakaonekana, jua huyachoma.

Jirani amekubali. Viroba viwili vya vipande kutoka chini ya mwembe wa mama viko barazani kwangu, nimevifunika kwa gunia bichi. Mawingu ya masika yameanza kujikusanya upande wa bahari, na mashimo ya magugu kwake tumeshayafukia.