Kobla ya pichesi, na maembe yetu yanayooza chini ya miti

Kila tukikutana wabongo huku mjadala ni ule ule, matunda ya ughaibuni hayana ladha, kila kitu cha kopo, chakula kiko nyumbani. Mi nipo Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, na leo naomba nipingane nanyi kidogo. Ni kweli pichesi ya mwezi wa kwanza, ile imetoka Chile, ukiigonga mezani inalia kama jiwe. Ila njooni mwezi wa sita au wa saba mpite vibanda vya barabarani kule Fort Valley, ukiing'ata moja maji yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Wilaya yenyewe inaitwa Peach, yaani pichesi, tangu 1924, na jimbo zima linajisifia hilo tunda japo California na South Carolina wanavuna mengi zaidi (hilo usiliseme kwa sauti mbele ya mtu wa hapa).

Lakini kilichonishika mimi siyo utamu, ni wanavyofanya na lile tunda lililoiva likapitiliza, limebonyea, halifai tena kumpa mgeni. Kwetu hilo ni la kutupa au la mbuzi. Hawa wanaokea kobla, yaani matunda yaliyookwa pamoja na rojo la unga.

Jirani yangu ni bibi mmoja Mmarekani mweusi, mzee wa kanisa, mi namwita Bibi na yeye ananiita beibi na mvi zangu zote hizi. Anawasha oveni nyuzi 350 za kwao, sawa na 180 zetu hivi, anaweka kipande cha siagi kwenye trei ya kuokea inaingia humo humo iyeyuke. Alafu rojo: unga wa ngano kikombe, sukari kikombe, maziwa kikombe, beking pauda kijiko kidogo na nusu, chumvi ya kubana kwa vidole. Anaimimina juu ya siagi ya moto, pembeni inachachatika, kisha anamwagia pichesi alizozichemsha kidogo na sukari na mdalasini. Na hapo hakuna kukoroga, ukigusa mwiko anakuangalia mpaka unauweka mwenyewe. Kama dakika 45 hivi rojo imepanda toka chini imeyameza matunda, kingo zimekauka kahawia, katikati laini, na mchuzi wa pichesi unatokota kwenye vitundu. Inaliwa ya moto na aiskrimu juu. Mi sukari natia nusu kikombe, Bibi anasema hiyo siyo kobla, hiyo ni dawa.

Sasa nikiwaambia watu wa nyumbani wanakuja na jibu moja, ah wewe una oveni. Jamani. Hii kitu imezaliwa kwenye makaa! Zamani huko Kusini walikuwa wanaipika kwenye chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu, mfuniko una ukingo ili makaa yasidondoke, moto chini moto juu. Si ndo vile vile mama zetu wanavyooka keki kwenye sufuria, wanapalia makaa juu ya mfuniko, nyumba nzima inanukia iliki? Kwahiyo habari ya oveni tuiache, ujuzi tunao na jiko tunalo, ambacho hatuna ni desturi ya kuliheshimu tunda lililolainika.

Mtasema kuna achari. Sawa, ila achari ni ya embe bichi, na la kuiva tunakula mkononi au juisi basi. Msimu ukifika Tabora maembe yanadondoka mpaka yanachacha chini ya mti, nzi wamejaa, na Muheza machungwa yanamwagwa chini bei ya kutupa. Miezi mitatu baadae tunanunua juisi ya boksi iliyoagizwa nje. Wenzetu hawana hiyo jeuri kwasababu wanajua mti unaweza kuwanyima, mwaka 2023 baridi ambayo mpichesi unaihitaji ili uzae vizuri ilikuwa haba, alafu mwezi wa tatu ikapiga barafu kwenye maua, Georgia ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya pichesi. Ndo maana Bibi friza yake imejaa mifuko ya pichesi zilizomenywa.

Nyumbani bado panashinda kwa mengi, sibishi. Huku nikioka trei nzima inabidi nianze kupiga simu kutafuta walaji, kule harufu tu ingewaleta watoto wa mtaa mzima bila kuitwa.

Mlioko Tanga, pichesi za Lushoto zipo, wapo akina mama wanaziuza kwenye ndoo pale Soni, zijaribuni. Wa pwani tumieni embe dodo, likatwe vipande vinene na ndimu kidogo kwasababu embe halina ule ukali wa pichesi. Yale maembe ya nyuzi msithubutu, mtashinda mnachokonoa meno.