J95.821: nani aseme mapafu yaligoma kwa sababu ya operesheni?

Kwenye hospitali za Marekani msimbo J95.821, yaani namba ya ugonjwa inayoandikwa kwenye faili la mgonjwa kwa ajili ya malipo na takwimu, ni kisu cha makali kuwili. Ni wa mgonjwa ambaye mapafu yameshindwa kazi ghafla baada ya operesheni. Kwa Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, unahesabika kama tatizo kubwa la ziada, kwa hiyo unaweza kupandisha malipo, ila msimbo huohuo, kama operesheni ilikuwa ya kupangwa, unamwingiza mgonjwa kwenye kipimo cha usalama PSI 11, ambacho kinaingia kwenye PSI 90, alama ya jumla ya vipimo kadhaa vya aina hiyo, na PSI 90 ni moja ya alama zinazotumika kuchagua robo ya hospitali zilizofanya vibaya zaidi, hizo zinakatwa asilimia 1 ya malipo ya Medicare.

Sasa chukua mzee mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu), kafanyiwa operesheni ya utumbo iliyopangwa, wamemwacha na mpira wa kupumulia mpaka asubuhi, daktari kaandika mapafu yameshindwa kazi baada ya operesheni, kasaini, kaondoka. Koda, yule anayegeuza maandishi ya daktari kuwa misimbo, afanyeje? Mwongozo wa ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, unasema si kila kinachotokea baada ya upasuaji ni madhara ya upasuaji, lazima maelezo ya daktari yaonyeshe kimoja kimesababisha kingine, na kama haieleweki aulizwe. Hapa tumeambiwa lini, hatujaambiwa kwa nini. Inaweza kuwa nusu kaputi, inaweza kuwa COPD yake ya siku zote, au hata hakushindwa kupumua, walimwacha kwenye mashine kwa tahadhari tu.

Hapo naungana na wanaotetea mwongozo. Koda hajamgusa mgonjwa, akianza kukisia sababu basi takwimu zote zinakuwa za kukisia.

Ila wanaolalamika nao wana hoja. Mwongozo huohuo unasema koda afuate kauli ya daktari kwamba ugonjwa upo, asipime mwenyewe vigezo, matokeo yake faili linaenda lina J95.821 wakati oksijeni ya mgonjwa ilikuwa 96% kwa mrija mdogo wa puani, halafu mkaguzi wa bima anakuja na vipimo vyake, mfano PaO2 (oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri) chini ya 60, anafuta msimbo na hospitali inarudisha pesa. Koda kafuata sheria na bado kaonekana kakosea!

Nimonia ya ventileta (mashine ya kupumulia), J95.851, ndo inanisumbua zaidi. Mgonjwa yuko kwenye mashine siku ya nne, eksirei imebadilika, anapewa antibayotiki, daktari kaandika nimonia tu. Huruhusiwi kuweka J95.851 mpaka daktari mwenyewe aihusishe na ventileta. Kimantiki sawa, lakini hospitali ambayo madaktari wake wanaandika kwa kifupi inaonekana safi kuliko jirani yake anayeandika kila kitu, na hilo si suala la usalama wa mgonjwa hata kidogo.

Kwa hiyo mimi sheria ningeiacha ilivyo, macho ningeyaelekeza kwenye lile swali analotumiwa daktari. Liwe na namba za oksijeni, saa alizokaa kwenye mashine, na majibu kadhaa ya kuchagua likiwemo la "siwezi kusema", bila kugusia popote kwamba jibu fulani litaongeza malipo au litaharibu alama. Utaratibu wa AHIMA na ACDIS, vyama vya wataalamu wa kumbukumbu za hospitali, tayari unataka hivyo. Kwa maoni yangu wakaguzi waanze kusoma hayo maswali kwanza, ndo waje kwenye misimbo.