Nusu fainali iliyochezwa baada ya fainali: Kombe la Usovieti 1939

Tarehe 12 Septemba 1939 Spartak ya Moscow iliichapa Stalinets ya Leningrad mabao 3-1 na kubeba Kombe la Umoja wa Kisovieti kwa mwaka wa pili mfululizo. Tarehe 30 Septemba, wakati mashabiki walikwisha kuanza kuyazungumza mengine, Spartak hiyo hiyo ikarudishwa uwanjani kucheza nusu fainali. Wala si nusu fainali ya msimu mwingine. Ni ile ile waliyoshinda tarehe 8 Septemba, 1-0 dhidi ya Dinamo ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, siku nne kabla ya fainali.

Kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi kwa namna moja. Lavrenty Beria, mkuu wa polisi wa siri, NKVD, alikuwa mtoto wa Georgia na mlezi wa timu zote zenye jina la Dinamo, yaani timu za polisi. Hakumeza timu ya kwao kutolewa, akaamuru mechi irudiwe. Spartak, timu ya walalahoi, ikashinda tena 3-2, na mzee mzima akatoka jukwaani kafura. Mwaka 1942 mwanzilishi wa Spartak, Nikolai Starostin, na wadogo zake watatu, Aleksandr, Andrei na Pyotr, wakakamatwa. Kuna dhalimu, kuna mnyonge, na mnyonge anashinda uwanjani kisha analipizwa nje ya uwanja. Ni simulizi tamu, na utamu wenyewe ndio unaonifanya niipekue upya. Sehemu yake naiamini kabisa. Sehemu nyingine naona imetiwa chumvi na watu waliokuwa na haki ya kuitia.

Tuanze na bao lenyewe. Bao pekee la tarehe 8 aliandikiwa Andrei Protasov. Mpira ulikuwa unaelekea kwenye nyavu, beki wa Tbilisi, Shota Shavgulidze, akauondosha pale mstarini, na mwamuzi akaamua kwamba ulikuwa umekwisha kuvuka. Watbilisi wakashikilia kwamba haukuvuka. Enzi hizo hapakuwa na kamera ya mstarini wala picha ya kurudia, kwa hiyo kilichobaki ni jicho la mtu mmoja mwenye filimbi. Bao la aina hiyo hubishaniwa popote, na ubishi wenyewe hauhitaji Beria. Dinamo wakakata rufaa. Kukata rufaa halikuwa jambo geni katika soka la Usovieti la miaka ile. Matokeo kubishaniwa mezani, hata mechi kurudiwa, ilikuwa sehemu ya mchezo.

Tena hao Dinamo hawakuwa timu ya kubebwa. Walikuwa na Boris Paichadze, mmoja wa washambuliaji hatari kupita wote nchini. Walifika fainali ya kombe la kwanza kabisa, 1936, wakafungwa 2-0 na Lokomotiv ya Moscow. Mwaka uliofuata wakafika tena, wakala tano kutoka kwa ndugu zao wa jina, Dynamo ya Moscow, 5-2. Na msimu huo wa 1939 walimaliza ligi katika nafasi ya pili, nyuma ya Spartak. Timu ya mkoani iliyopoteza fainali mbili mbele ya timu za Moscow, kisha ikatolewa Moscow na timu ya Moscow kwa bao la mstarini, ina kila sababu ya kulalamika. Ukiiondoa picha ya Beria na kumweka kiongozi yeyote wa kawaida, wengi wetu tungewaonea huruma.

Upande huo una hoja nyingine ambayo wapenzi wa Spartak huipita haraka: Spartak nayo ilikuwa na wakubwa wake. Kweli, haikuwa timu ya polisi wala ya jeshi. Ilipopewa jina hilo mwaka 1935 ilitegemea fedha za Promkooperatsiya, muungano wa vyama vya ushirika vya mafundi na wafanyabiashara wadogo, na ndiyo maana ikaitwa timu ya wananchi. (Msomaji aliyekulia kwenye ligi zetu, zenye timu za jeshi, polisi na magereza, analielewa hili bila maelezo marefu.) Lakini juu ya ushirika huo alisimama Aleksandr Kosarev, bosi wa Komsomol, umoja wa vijana wa chama, na mkono wake ulifika mbali. Mwaka 1937 timu ya Wabasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, ilipozuru Usovieti na kutesa kila timu iliyokutana nayo, Spartak ndiyo pekee iliyoifunga, 6-2. Iliingia uwanjani imeongezewa wachezaji wa klabu nyingine, na mechi ilipokuwa bado imebana ikapewa penalti iliyoleta ugomvi mkubwa. Anayesema Spartak walikuwa malaika katikati ya mashetani anahitaji kuieleza mechi hiyo.

Halafu kuna orodha ya mabingwa. Beria alishika NKVD Novemba 1938 na akakamatwa Juni 1953. Katika kipindi chote hicho hakuna Dinamo hata moja iliyotwaa Kombe la Usovieti, iwe ya Moscow, ya Tbilisi au ya Kiev. Dynamo ya Moscow ilichukua mwaka 1937, kabla yake, kisha ikangoja hadi Oktoba 1953, Beria akiwa tayari mahabusu akisubiri risasi ya Desemba. Katikati hapo ilipoteza fainali za 1945, 1949 na 1950. Tbilisi yake ilifika fainali ya 1946, Beria akiwa kwenye kilele cha nguvu na akina Starostin wakiwa kwenye kambi za wafungwa, ikafungwa 3-2 katika muda wa nyongeza. Na nani? Spartak. Kama huyu mtu alikuwa akigawa makombe kwa simu, basi simu yake ilikuwa mbovu kwa miaka 15.

Hoja hiyo ni nzito, na nimeona ikitumika kuizima habari nzima: kwamba Starostin, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1989, alijitengenezea adui mkubwa ili ushindi wake uonekane mkubwa. Mazingira ya uandishi huo nayo yanafaa kukumbukwa. Tangu 1953 Beria alikuwa mtu wa kubebeshwa kila mzigo. Hakuna aliyethubutu kumtetea, na kila taasisi iliyokuwa na lake la kuficha ilimtupia yeye. Baadhi ya mambo yanayorudiwa kila mara, kama hasira za jukwaani, Beria kusukuma kiti na kuondoka, au Beria kijana aliyewahi kucheza dhidi ya Starostin kwa rafu nyingi na ufundi haba, chanzo chake ni Starostin mwenyewe. Ndiye pia aliyesimulia kwamba hati ya kumkamata iliandaliwa mapema, ikakwama kwa sababu Molotov, mkuu wa serikali, hakuitia saini, kwani mabinti zao walikuwa marafiki wa shule. Huenda ni kweli. Lakini ni ushahidi wa mtu mmoja, uliotolewa akiwa mzee, juu ya marehemu asiye na wakili.

Hata kukamatwa kwao Machi 1942 hakuungani na kombe kirahisi hivyo. Miaka miwili na nusu ilikuwa imepita. Hukumu ya 1943, miaka 10 kwa kila mmoja, haikuhusu bao la Protasov. Ilihusu maneno ya kuipinga serikali, na wanahistoria waliosoma majalada wamekuta humo pia tuhuma za mali na fedha za klabu. Sisemi tuhuma za NKVD ni ushahidi. Taasisi ile ilimtia hatiani yeyote kwa lolote. Lakini kuna wengi waliomezwa na mashine hiyo bila kumfunga mtu yeyote goli, na Kosarev mwenyewe ni mmoja wao: aliondolewa Novemba 1938, mwezi ule ule Beria aliposhika ofisi, na akapigwa risasi Februari 1939. Mlezi alipoanguka, waliokuwa chini ya mwavuli wake walikuwa hatarini hata kama wangefungwa kila Jumapili.

Baada ya kuyasema yote hayo, bado naamini kwamba mechi ya tarehe 30 ilikuwa amri kutoka juu. Siliamini kwa sababu ya kiti kilichosukumwa. Naliamini kwa sababu ya kalenda.

Rufaa ya haki ina wakati wake. Ikiwa waandaaji waliona bao lina utata, walikuwa na siku nne, kuanzia tarehe 8 hadi 12, kuzuia fainali na kuamuru marudio. Hawakufanya hivyo. Waliiacha fainali ichezwe na kombe likabidhiwe, kumaanisha kwamba kwa upande wao shauri lilikuwa limekwisha. Kilichobadilika kati ya tarehe 12 na 30 hakikuwa mpira wala mstari. Starostin anasema agizo lilitoka Kamati Kuu ya chama, na hapa sioni maelezo mengine yanayoweza kusimama, kwa kuwa chombo cha michezo kisingejivua nguo hadharani kwa hiari yake. Kumbuka pia nchi ilikuwa wapi mwezi huo. Tarehe 17 Septemba Jeshi Jekundu lilivuka mpaka na kuingia Poland. Katikati ya kuigawana nchi nzima na Ujerumani, kuna mtu katika ngazi za juu aliyepata nafasi ya kushughulikia nusu fainali.

Kingine ni hiki, na nadhani hakizungumzwi vya kutosha. Kama nusu fainali ya tarehe 8 ilikuwa batili, basi tarehe 12 Spartak haikuwa na sifa ya kucheza fainali. Fainali yenyewe inakuwa batili. Kwa hiyo baada ya Spartak kushinda marudio, kilichotakiwa kwa mujibu wa kanuni ni fainali mpya dhidi ya Stalinets. Haikuchezwa. Glazkov wa Spartak alipiga mabao matatu peke yake tarehe 30, Tbilisi wakajibu mawili, Spartak wakaondoka na ushindi wa 3-2, na ghafla fainali ya zamani ikawa halali tena. Kwa maneno mengine, ingefutwa endapo tu Tbilisi wangeshinda. Rufaa inayofuta fainali kwa matokeo ya aina moja na kuiacha kwa matokeo ya aina nyingine si rufaa. Ni nafasi ya pili uliyopewa upande mmoja.

Ndiyo maana ile orodha ya mabingwa, pamoja na uzito wake, hainishawishi hadi mwisho. Inathibitisha kwamba Beria hakuweza kuamua nani afunge. Haithibitishi kwamba wakubwa hawakuingiza mkono. Mkono wao ulifanya kazi nje ya dakika 90: nani achezee wapi, nani akamatwe, mechi gani irudiwe, timu gani ife. Mwaka 1952 timu ya Olimpiki, ambayo mhimili wake ulikuwa klabu ya jeshi, CDSA, ilitolewa huko Finland na Yugoslavia ya Tito, hasimu wa Stalin. CDSA, bingwa mtetezi wa ligi na wa kombe, ikavunjwa katikati ya msimu kwa amri. Dola iliyoweza kufuta bingwa wake kwa karatasi moja ilikuwa na uwezo wa kutosha wa kurudisha nusu fainali. Isichoweza ni kumzuia Glazkov asifunge. Mwamuzi wa marudio alihesabu mabao matatu ya Spartak mbele ya jukwaa lile, na sifa kwa hilo ni zake yeye na wachezaji, si za mfumo.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alidhulumiwa Septemba ile, jibu langu la kwanza si Spartak. Spartak walipata kombe, ligi na simulizi ya kuwatosha nusu karne. Tbilisi nao walipata mechi ya pili ambayo timu nyingine nchini isingeipata, wakashindwa kuitumia, na wakasubiri hadi 1976 kulibeba kombe hilo kwa mara ya kwanza, kwa kuifunga Ararat ya Yerevan 3-0. Waliosahauliwa ni Stalinets, timu iliyotoka kwenye kiwanda cha vyuma cha Leningrad, iliyofungwa fainali na mpinzani ambaye siku chache baadaye wakubwa wenyewe waliamua kwamba hajafuzu. Walibadili jina mwaka uliofuata wakawa Zenit. Mashindano yalisimama hadi 1944, na yaliporudi wakalichukua kombe lao kwa kuifunga timu ya jeshi 2-1 mjini Moscow. Safari hiyo hakuna aliyeitwa kurudia nusu fainali.