Niende Msibani au Nisiende?

Januari 2025 mama mdogo alinipigia simu kutoka Biharamulo, mkoani Kagera. Kijiji cha pili kulikuwa na msiba. Siku hiyo hata watoto hakuwaulizia. "Wewe unayeshinda na simu mkononi, hiyo Marburg ipo au haipo? Niende msibani au nisiende?"

Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza watu 9 walioshukiwa kuugua, 8 kati yao wameshafariki. Kisha Wizara ya Afya ikatoa taarifa yake: kufikia tarehe 15, sampuli za washukiwa wote hazikukutwa na virusi. Ukiisoma kwa utulivu, uzito wote uko kwenye hilo "kufikia tarehe 15". Ndilo lililodondoka njiani. Taarifa ilipofika kwenye magrupu yetu ya WhatsApp yalikuwa yamebaki maneno mawili tu, hakuna Marburg, na mimi nikampa mama mdogo hayo hayo. Akaenda.

Peter Sandman, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Rutgers, amechunguza kwa miongo mingi namna wakubwa wanavyozungumza na watu kukiwa na hatari. Anajulikana zaidi kwa kanuni yake kwamba hatari ni madhara ukijumlisha na hasira ya watu. Mimi napenda ushauri wake wa kawaida zaidi: usiwatulize watu kupita kiasi, sema wazi usichokijua bado, wape cha kufanya. Anashikilia pia kwamba watu hupagawa mara chache sana kuliko viongozi wanavyohofia. Hapo ndipo ninapowakumbuka wakubwa wetu na lile neno lao pendwa, taharuki. Kila jambo zito likitokea, onyo la kwanza ni tusizue taharuki. Mama mdogo hakuwa na taharuki yoyote. Alikuwa na swali, na jibu lake lingetosha kwenye sentensi moja: bado tunapima, kwa sasa msishikane mikono wala msioshe maiti wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba tuliwahi kuliweza hili, tena Kagera hiyo hiyo. Tarehe 16 Machi 2023 wizara ilijitokeza yenyewe ikasema Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiojulikana, watu 5 wamekufa. Usiojulikana! Serikali kukiri hadharani kwamba haijui si jambo dogo. Siku 5 baadaye maabara ikathibitisha ni Marburg, na hakuna aliyeona kama amedanganywa. Mlipuko ule uliua watu 6 kati ya wagonjwa 9, ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni.

Safari hii ilibidi Rais Samia mwenyewe asimame Dodoma tarehe 20 Januari, Dkt. Tedros wa Shirika la Afya Duniani akiwa pembeni yake, atangaze kwamba sampuli moja imekutwa na virusi na nyingine 25 hazina. Alisema wazi, namba juu ya meza, na nampongeza. Ila kati ya tarehe 15 na 20 watu wamezika, wamekula pilau la msibani, wamepanda mabasi.

Jioni ya tarehe 20 mama mdogo alinipigia tena. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alikuwa anahesabu mikono aliyoshika msibani, jina kwa jina, akafika ya kumi na tisa akasahau, akaanza upya. Kisha akaniuliza siku 21, ule muda ambao ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya kuambukizwa, zinaisha lini, nikamsikia akivuta kiti akaifikie kalenda ya ukutani.