Ramani ya Lamu Tuichore Wenyewe

Juzi, barazani Mkomani, kijana mmoja anayetembeza wageni alilalamika kuwa ramani ya simu ilimfikisha mgeni wake ukutani. Wenzake wakamjibu: kitu cha bure, ulitarajia nini? Maneno hayo yamenikera mpaka leo.

Kijana anatumia Organic Maps, ambayo haimli bando kwa kuwa ramani huipakua mara moja ikabaki simuni. Ramani yenyewe hutoka OpenStreetMap, mradi alioanzisha Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, na wachoraji wake wengi ni watu wa kujitolea. Sasa nani atatuchorea vichochoro vya Mkomani? Aliye Ulaya huchora kwa picha za setilaiti, na setilaiti haioni chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Inaona mapaa tu. Hata GPS huyumba baina ya kuta zetu ndefu za mawe. Anayejua kwamba njia hupita chini ya wikio, ikapinda, ikatokea msikitini, ni yule aliyeipita tangu utoto akienda chuoni kusoma Kurani. Ujuzi huo hauko popote pengine duniani, nduzangu! Tukiuzuia vichwani mwetu, kosa litabaki palepale na kila anayekuja ataambiwa apite ukutani. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hadi 2009, vijana wa huko huko walipoanza kuichora.

Mtaniambia hamjui kuandika programu. Hakuna aliyewaomba. StreetComplete, programu ya simu ya kuchangia OpenStreetMap, hukuuliza papo hapo ulipo: njia hii ni ya mchanga au ya saruji? Duka hili hufunguliwa saa ngapi? Ukijibu, umeshachangia. Na programu ikikwama, waandikie waundaji: simu gani, toleo gani, ulibonyeza nini, kikatokea nini.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba maelezo mengi ni ya Kiingereza na kwamba mgeni katika miradi hii mara nyingine hujibiwa kwa ukali. Vumilieni. Ila msinakili chochote kutoka Google Maps, hakimiliki hairuhusu. Andikeni mlichokiona kwa macho.

Wa Siyu na Pate ndio nawataka hasa, maana nyinyi ndio mnaojua mashua hufunga wapi maji yakikupwa. Alhamisi baada ya Alasiri nipo Langoni, na nitakaa na yeyote mpaka ahifadhi rekebisho lake la kwanza.