Shikamoo mama, kisha swali la chumbani

Mwanafunzi wa udaktari anasimama kando ya kitanda na daftari lake. Mgonjwa ni mama wa miaka 50 na ushei, ana kisukari. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Maswali yanakwenda vizuri: dawa, ndugu wenye kisukari, sigara, pombe. Yakifika kwenye tendo la ndoa, kijana anaandika "hana tatizo" na kufunga daftari. Hakuuliza. Mtu uliyemwamkia kama mama yako, unaanzaje?

Kwa wengi, jibu ni kubadili mtazamo wa mwanafunzi kuhusu ngono, na hoja hiyo ina historia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1961 ulikuta kwamba huko Philadelphia karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari waliamini punyeto huleta ugonjwa wa akili. Hata mwalimu mmoja kati ya watano aliamini hivyo. Baadaye Harold Lief na David Reed wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitunga mtihani uitwao SKAT, wenye sehemu ya maarifa na sehemu ya mtazamo, ukatumika hata nje ya Marekani.

Sehemu ya maarifa sina ugomvi nayo. Ile ya mtazamo humpanga mwanafunzi kati ya uhafidhina na uhuria kwa mambo kama ngono kabla ya ndoa, utoaji mimba na punyeto. Mwislamu wa Pemba au Mlutheri wa Moshi akijibu kama alivyolelewa, ataangukia upande wa wahafidhina. Ndiyo kusema atakuwa daktari mbaya? Hapo nakataa. Imani si ujinga.

Lakini upande wa pili una hoja nzito: mgonjwa husoma uso. Binti anayetokwa na uchafu ukeni akiulizwa "umeolewa?" kwa sauti ya kumhukumu, harudi tena, ataishia duka la dawa. Au baba mwenye presha. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kiume, na akiona jogoo hapandi mtungi, naye hakuna aliyemuuliza, anaacha vidonge kimyakimya. Siku nyingine analetwa na kiharusi. Mwingine ananunua sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, kwa siri huku anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, na mchanganyiko huo huweza kushusha presha hadi kumuua. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Tunainyamazia dalili.

Hata hivyo, wanaosema utamaduni wetu umefunga mdomo wanakosea. Pwani kuna somo na kungwi wanaowafunda vijana, kuna unyago na jando, na huko mambo husemwa waziwazi. Ila utamaduni huchagua nani amwambie nani: rika gani, jinsia gani. Kijana wa miaka 23 mwenye koti jeupe hakupewa nafasi hiyo na mtu yeyote.

Na hana maneno. Amesoma kwa Kiingereza. Kiswahili alichonacho kuhusu viungo hivi ni matusi ya mtaani au "sehemu za siri". Mama akisema "nawashwa huku chini", ni wapi? Ukeni? Kwenye njia ya mkojo? Uke, kinembe, mashavu ya uke si matusi, lakini ni wangapi wamewahi kuyatamka kwa sauti mbele ya mwalimu?

Ndiyo maana nilifurahi Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota, kilipotunga mtaala wa afya ya ngono kwa ajili ya Tanzania na kuujaribu kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga. Waliousoma waliongeza maarifa, na pia ustadi wa kuzungumza na mgonjwa. Kwangu, huo ustadi ndio wa kupimwa kwanza.

Yule kijana angeweza kusema: "Mama, samahani, kisukari wakati mwingine huharibu raha ya tendo la ndoa, kwa wanawake pia. Tuzungumze, au nikuitie daktari wa kike?" Heshima imo, ruhusa imeombwa, na dini ya kijana haijaguswa. Ila sentensi hiyo haiji yenyewe. Aitamke darasani mara ishirini, mpaka sauti iache kutetemeka, kabla hajapelekwa wodini.