PhD ya blokcheni ni kupoteza muda? Tusikimbilie kucheka

Ukisema unasomea PhD ya blokcheni, yaani daftari la kumbukumbu linalotunzwa na kompyuta nyingi bila mwenye nalo mmoja, watu wanacheka, eti miaka minne unasomea kripto, hizi sarafu za kidijitali? Na jamani hawajakosa hoja kabisa. Thesis nyingi za eneo hili ni kuchukua kitu chochote, afya, kura, ardhi, halafu kukibandika blokcheni juu wakati databesi ya kawaida ingetosha na ingekuwa na kasi zaidi. TradeLens, mfumo wa blokcheni wa Maersk na IBM wa kufuatilia mizigo, ilikuwa na hela na majina makubwa ya usafirishaji wa makontena lakini 2022 wakatangaza wanaifunga, maana ushirikiano wa sekta nzima waliouhitaji haukupatikana. Tatizo hilo hulitibu kwa kuandika programu ya kompyuta.

Sawa. Ila wanaocheka wanachanganya bei ya sarafu na utafiti.

Chukua Bitcoin. Ilianza 2009 na wengi waliamini kwamba mradi zaidi ya nusu ya nguvu ya kompyuta iko kwa wachimbaji waaminifu (wachimbaji ni wanaotumia kompyuta kuthibitisha miamala na kulipwa sarafu mpya), basi kila mtu anapata fungu lake kwa haki. 2013 wakatokea Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Cornell wakasema hapana, kundi lenye kama theluthi tu linaweza kuzificha bloku, yaani kurasa mpya za daftari, linazozipata, likaziachia kwa kuvizia, wengine wakawa wanachoma umeme kuchimba kwenye mnyororo wa bloku ambao utatupwa, na kundi likavuna zaidi ya haki yake. Theluthi, sio nusu! Hebu fikiria nani sokoni angelipwa kukwambia hivyo. Mwenye sarafu hataki bei ishuke, mchimbaji mkubwa akiijua mbinu ataitumia kimya kimya, kampuni inayouza mashine za kuchimba ndo kabisaa. Imebidi watu wa chuo wakae chini wapige hesabu, na hiyo nusu iliyokuwa inatajwa kila mahali ikabidi iangaliwe upya.

Halafu hoja ya kwamba ukimaliza teknolojia itakuwa imeshabadilika, mmh. David Chaum aliandika thesis yake Berkeley 1982 kuhusu mifumo ya kompyuta inayoaminika kati ya makundi yasiyoaminiana, ndani yake kuna karibu vipande vyote vya blokcheni, miaka 26 kabla ya ile karatasi ya Satoshi Nakamoto iliyoanzisha Bitcoin. Kinachobadilika haraka ni majina ya tokeni, yaani sarafu za miradi hii, swali lenyewe la watu wasioaminiana wakubaliane vipi liko palepale.

Kinachonisumbua kweli ni hela. Miradi ya kripto inafadhili maabara, na mtafiti anaweza kuwa na tokeni za mfumo huohuo anaoukagua. Hapo ndo ningeuliza maswali kabla ya kuomba nafasi: nani analipa, msimamizi ameshika tokeni gani, na nikigundua tundu la usalama nina ruhusa ya kulichapisha au naambiwa nisubiri kwanza.